Mkono wenye bangili tatu: kwa dada aliyeuliza kuhusu albamu za mamake

Dada, umeuliza ufanye nini na albamu za mamako zilizoingia ukungu, na ufanye nini na mama mwenyewe, ambaye kila ukitoa simu hujifunika uso kwa mtandio. Mimi ni mpiga picha hapa Mombasa, mwaka wa 17 huu, na kazi yangu kubwa ni shughuli za wanawake: kupamba (sherehe ya kina mama ya kumwonyesha bibi harusi), arubaini za watoto, maulidi ya kina mama. Swali lako limenigusa, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu.

Bibi yangu mzaa baba, mtu wa Kibokoni, alikuwa na picha moja ya studio, nyeusi na nyeupe. Amekaa kitini, amempakata babangu akiwa mchanga. Begani mwake pana mkono wa mwanamke wenye bangili tatu. Mwenye mkono hayupo. Picha imekatwa kwa mkasi, ukabaki ule mkono tu kwa sababu kuukata kungemkata bibi bega. Tangu utotoni tukiuliza, tulijibiwa, "Jirani tu huyo." Tukazoea.

Mwaka 2019 nilikuwa nazipiga upya picha zake zote nizihifadhi. Tulipofika kwenye ile, sikumuuliza ni nani. Nilimsifu bangili. Akaisogeza picha dirishani, akaitazama, akasema: "Zangu hizo. Nilimwazima. Hakuwa na kitu, nami sikutaka apigwe picha mikono mitupu." Akanyamaza, nami nikanyamaza. Ndipo akaeleza. Alipomzaa babangu, bibi aliugua, maziwa yakakauka. Jirani naye alikuwa ananyonyesha, akamchukua mtoto na kumnyonyesha pamoja na wake kwa muda wa miezi miwili hivi. Bibi alipopona, wakaenda studio pamoja kupiga picha ya shukrani. Miaka ikapita, nyumba mbili zikagombana kwa ajili ya ukuta, na wifi yake bibi akachukua mkasi.

Kwa sisi watu wa pwani hili si jambo dogo. Katika madhehebu ya Shafi, mtoto aliyenyonya mara tano au zaidi kabla ya kutimiza miaka 2 ni mtoto wa yule mama kwa ziwa. Wanawe ni ndugu zake, na ndoa kati yao haiwezekani. Kumbe babangu alikuwa na mama mwingine na ndugu wengine mjini humu humu, nami nina maami na mashangazi ninaopishana nao Marikiti bila kuwajua. Haya yote yalikuwa kichwani mwa mzee mmoja wa miaka zaidi ya 80. Picha peke yake isingetuambia kamwe.

Ndiyo maana nakwambia: kabla ya kuhangaika na ukungu, kaa na mamako. Zitoe tu albamu penye unyevu, mengine yatasubiri. Usimuulize "huyu nani, huyu nani" kama karani wa sensa, atachoka na kukujibu kwa mkato. Uliza vitu. Nguo hii alishona nani? Siku hii mlipika nini? Leso hii ilikuwa na jina gani? Kina mama wetu wanakumbuka kwa leso. Khalati yangu hawezi kukutajia mwaka, lakini akiona leso atakwambia ilitoka kabla ya harusi ya fulani, nawe ukapata mwaka wako hapo. Muombe ruhusa, weka simu kando irekodi sauti tu. Sauti yake akicheka juu ya picha ina thamani sawa na picha yenyewe.

Sasa ukungu. Nyumba zetu za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hunyonya unyevu, hasa masika. Ondoa albamu kwenye kabati lililoegemea ukuta wa nje, na usiziweke sakafuni. Zipepee kivulini, usizianike juani. Ukungu ukikauka, upanguse kwa brashi laini huku umefunika pua na mdomo. Usitumie kitambaa chenye maji.

Albamu zile za kurasa zenye gundi na plastiki juu, zilizopendwa miaka ya 1970 na 1980, ndizo mbaya kuliko zote. Gundi yake huila picha polepole. Piga picha ukurasa mzima kwanza, kama ulivyo, ndipo ujaribu kubandua. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, taratibu, kama unakata sabuni. Ikikataa, iache. Na tafadhali usipeleke picha ya zamani kutiwa laminesheni! Watu wengi wanadhani wanailinda. Ule moto na plastiki havirudi nyuma tena.

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini bila kukandamiza, maana kalamu ya wino huacha alama upande wa uso. Zile za karatasi ngumu ya plastiki hazishiki penseli, basi andika kwenye bahasha yake. Ukiziskani, weka 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo watapata picha iliyopunguzwa ubora. Weka nakala tatu, na moja ikae nyumba nyingine kabisa. Mimi nilikuwa na diski moja tu ya picha za nyumbani za miaka minne. Ilianguka mezani na hakuna fundi aliyeweza kuifungua. Miaka ya mwanzo ya binti yangu ilikuwa humo. Siku hizi siwezi kulala nikiwa na nakala moja.

Kuhusu mamako kujifunika, mheshimu. Kwenye kupamba simu hukusanywa mlangoni, na mimi huingia na kamera yangu kwa sababu kina mama wanajua picha zao kwangu ni amana. Mamako naye pengine haogopi kamera, anaogopa kuzungushwa kwenye magrupu. Muulize. Mwahidi itabaki kwako, kisha timiza, hata dadako akikuomba. Na anza na mikono. Mpige akikanda unga wa mahamri, akikuna nazi, akipimia sukari kwa kiganja. Hakuna mama aliyewahi kunikataza kupiga mikono yake, na wengi, baada ya siku kadhaa, uso wenyewe huja bila kuombwa.

Ile familia tuliipata, ng'ambo ya kivuko, Likoni. Yule mama alikuwa ameshafariki. Lakini siku ile studio ilitoa nakala mbili, na yao ilikuwa nzima, ukutani, imegandana na kioo. Wakataka kuibandua wanipe, nikawakataza: picha iliyoshika kioo ukiivuta, sura inabaki kwenye kioo. Niliipiga hapo hapo, juu ya kioo, pembeni ya dirisha, bila flashi. Babangu alisimama nyuma yangu akishikana mkono na mzee mwenzake aliyenyonya naye.

Nilipomletea bibi iliyochapishwa, alishika uso wa jirani yake kwa kidole muda mrefu. Kisha akaigeuza, akanipa penseli, akataka niandike majina. La jirani kwanza, ndipo lake.