Fedha za Medicaid zikipunguzwa, huduma za mwanangu zitaguswa wapi?

Swali: Naishi Marekani na mwanangu wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wenye ulemavu, humlipia mazoezi ya viungo, kiti cha magurudumu, na mtu wa kumtunza saa chache kwa wiki ili nipumzike. Nami nina Medicaid kwa sababu ya kipato kidogo. Naambiwa sheria mpya inayobana fedha za Medicaid haikugusa watoto wenye ulemavu. Je, nitulie?

Jibu: Pole kwa wasiwasi, mama. Ni kweli kwamba sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 haikumwondoa mwanao. Lakini Medicaid inalipwa na serikali kuu pamoja na jimbo, na sheria hiyo imebana kodi ambazo majimbo mengi hutoza hospitali ili kupata fungu lao. Karibu majimbo yote yanalazimika kusawazisha bajeti. Fedha zikipungua, jimbo litatafuta pale linaporuhusiwa kukata.

Mazoezi na kiti vina kinga kubwa. Sharti liitwalo EPSDT linalitaka jimbo limpe mtoto wa chini ya miaka 21 matibabu anayoyahitaji kiafya. Ukinyimwa, taja jina hilo.

Zile saa za kupumzika ndizo zinazonitia hofu. Kwa kawaida hutoka katika mpango wa huduma za nyumbani ambao jimbo huendesha kwa hiari yake, kwa kibali cha serikali kuu. Linaweza kupunguza saa au kuweka orodha ya kusubiri. Sheria ya Medicaid inalilazimisha jimbo kumlipia mtu mzima anayehitaji kulazwa katika nyumba ya wauguzi, ila mpango huu wa kumtunza mtu kwake hailazimishi. Kwangu huu ni uonevu kwa familia zinazobeba mzigo wenyewe, tena zikiiokolea serikali fedha.

Sasa wewe. Kama umo katika kundi la watu wazima lililoongezwa katika Medicaid na sheria ya bima ya afya ya 2010 (Obamacare), ifikapo Januari 2027 utatakiwa kuthibitisha saa 80 za kazi kwa mwezi, na ustahiki wako utakaguliwa kila miezi 6. Mzazi wa mtoto wa miaka 13 au chini, na anayemtunza mwenye ulemavu, amesamehewa. Hata hivyo, msamaha usioonekana kwenye faili lako hautakusaidia. Jimbo la Arkansas lilipojaribu sharti kama hilo mwaka 2018, zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima katika miezi michache, wengi wao wakiwa wanafanya kazi au wanastahili msamaha. Tovuti ya kuripoti ilikuwa ikifungwa saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi! Mahakama ilisimamisha mpango huo mwaka 2019.

Kwa hiyo omba mapema barua ya daktari inayoeleza hali ya mtoto na kwamba wewe ndiye mlezi wake, ipeleke ofisi ya Medicaid, na ubaki na nakala. Ukihama, wape anwani mpya. Ikija barua ya kupunguza au kusitisha huduma, angalia tarehe ya kuanza kwake na uombe shauri lako lisikilizwe kabla ya siku hiyo. Kwa kawaida huduma huendelea hadi uamuzi utolewe. Ukishindwa, jimbo linaweza kukudai gharama za kipindi hicho, kwa hiyo zungumza kwanza na ofisi ya msaada wa kisheria. Usiache siku zipite.