Gae Aulenti hakusahaulika, amekumbukwa nusu

Mmeuliza wiki hii ni mwanamke gani mbunifu wa samani aliyesahaulika isivyo haki. Natabiri wengi watamtaja Gae Aulenti, msanifu majengo na mbunifu wa Italia, nami napinga: mtu ambaye jiji la Milano limempa uwanja wa wazi wa mjini wenye jina lake, tena mwaka uleule wa 2012 aliofariki, hakusahaulika. Linaloniuma ni kwamba katika samani anakumbukwa kwa taa moja tu, Pipistrello ya mwaka 1965, ilhali kazi yake kubwa zaidi ni meza aliyoibuni mwaka 1980 kwa ajili ya kampuni ya FontanaArte: bamba nene la kioo juu ya magurudumu manne, basi.

Meza hiyo naijua kwa mikono yangu. Nilipokuwa nikifanya usafi kwa familia moja mjini Milano, ilikaa sebuleni. Kochi la nyumba ile halikusogea bila watu wawili, lakini meza niliisukuma peke yangu, nikapiga deki, nikairudisha mahali pake. Magurudumu yamefungwa kwenye kioo chenyewe, kwa hiyo hakuna miguu wala fremu ya kukusanya vumbi, na uchafu wowote uliobaki chini yake unauona ukiwa umesimama. Baadaye nilisoma kwamba wazo la meza hiyo Aulenti alilipata katika kiwanda cha FontanaArte, kwa kutazama matoroli ya kuhamishia vioo, na hapo nikaelewa kwa nini meza ile ilinitii: asili yake ni chombo cha kazi. Ni samani chache mno za kifahari zinazomfikiria anayefanya usafi.

Hata hivyo, kioo kile kilishika kila alama ya kidole, nikawa nakifuta asubuhi na kukikuta kimechafuka kabla ya adhuhuri, na kingo zake zilikuwa usawa wa uso wa mtoto anayetambaa. Taa ya Pipistrello haikuwa na usumbufu huo. Shina lake la chuma hurefuka kutoka sentimita 66 hadi 86, hivyo taa moja inafaa mezani na sakafuni pia, na kifuniko chake cheupe hutoa mwanga usioumiza macho. Bei yake si ya watu kama mimi, hilo silifichi. Lakini kwa nyumba yenye watoto, kura yangu inakwenda kwa taa. Meza ningeichagua iwapo watoto wameshakua na anayekifuta kioo analipwa vizuri.