Kompyuta 8 kwa watoto 48: nilivyofundisha mimi huku Pemba

Assalamu alaykum, mwalimu mwenzangu wa Unguja. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja. Umesema skuli yenu ya msingi imepata kompyuta 8 zilizokwishatumika, darasa lako la tano lina watoto 48, intaneti hakuna, na ulichonacho mkononi ni kitabu cha mafunzo ya watu wazima ambacho kinaanza na majina ya sehemu za kompyuta. Umeuliza uanzie wapi, na kama ni bora usubiri intaneti. Mimi ninasomesha skuli ya msingi huku Pemba, upande wa Wete, na kazi hii ninaifanya tokea mwaka 2013, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe, pamoja na niliyoyakosea.

Usianze na kile kitabu. Mimi nilianza nacho. Muhula wa mwanzo mzima niliandika ubaoni kwamba kompyuta ni chombo cha kielektroniki kinachopokea taarifa, kuzichakata, kuzihifadhi na kuzitoa, nikachora picha za sehemu zake na watoto wakazihifadhi kama wanavyohifadhi juzuu chuoni, bila ya kuteleza hata herufi moja. Katika mtihani wengi walipata alama zote, nami nikaamini kwamba nimefundisha. Siku tulipofungua chumba cha kompyuta, mtoto mmoja wa kike ambaye alikuwa ameandika sehemu zote za kipanya bila ya kosa alikishika kwa kukigeuza, waya ukielekea tumboni kwake, na kila alipokisukuma mbele kishale cha kwenye kioo kikashuka chini. Alinitazama kwa hofu, akidhani ameharibu mali ya skuli. Jirani yake, aliyezoea simu ya mama yake, alikibonyeza kioo kwa kidole na akakaa kusubiri kifunguke. Wa tatu alikisogeza kipanya mpaka ukingoni mwa meza, akasita, maana hakujua kwamba unaweza kukinyanyua na kukirejesha katikati ilhali kishale kinabaki pale pale kilipo. Mambo hayo matatu hayakuwemo katika somo langu hata moja, na ndiyo waliyoyahitaji kabla ya jengine lolote.

Tokea siku ile nilijiwekea sharti kwamba kila neno jipya la kompyuta lifuate tendo, wala lisilitangulie. Mtoto kwanza apoteze kazi yake kwa kutoihifadhi, kisha ndiyo umpe neno «kuhifadhi». Kwanza ashindwe kulipata andiko lake la wiki iliyopita miongoni mwa maandiko ya wenzake, kisha ndiyo umueleze faili na folda. Neno likija wakati mtoto analihitaji, halitoki tena kichwani mwake. Kuhifadhi kwa moyo ni elimu kubwa na ina mahali pake, lakini kompyuta ni kama kuogelea, haisomeki ukiwa ufukweni.

Sasa nije kwenye hesabu yako, kwa sababu watu wengi hukata tamaa hapo. Watoto 48 ukiwagawa nusu kwa nusu unapata 24, na 24 kwa kompyuta 8 ni watoto watatu kila kompyuta. Omba vipindi viwili vinavyofuatana. Kama ni vya dakika 40, kila nusu inakaa kwenye kompyuta dakika 40, na kila mtoto anapata dakika 12 za mkono wake mwenyewe, na zinabaki dakika chache za kubadilishana nafasi. Watoto watatu hao mimi huwapa kazi za chomboni. Mmoja ni nahodha, naye husema la kufanya lakini haruhusiwi kugusa kitu chochote. Wa pili ni mshika sukani, ambaye mkono wake uko kwenye kipanya na kibodi lakini hafanyi ila aliloamrishwa na nahodha. Wa tatu ni karani, huandika daftarini kilichofanyika na kilichogoma. Baada ya dakika 12 unapiga kofi, wanabadilishana.

Mpango huu umenitatulia jambo ambalo liliniuma kwa miaka miwili ya mwanzo. Wavulana wenye nguvu walikuwa wanakikamata kipanya tokea mwanzo wa kipindi mpaka mwisho, na wasichana wakikaa nyuma wakitazama mabega yao. Niliwahi kumuuliza mtoto wa kike, mwezi wa nne wa masomo, aniandikie jina lake, akaniambia kwa sauti ndogo: «Maalim, mimi sijapata kugusa.» Miezi minne! Nahodha asiyegusa hulazimika kulifikiri jambo mpaka liwe neno, na mshika sukani hulazimika kusikiliza, na sharti hilo linamhusu kila mtoto sawasawa. Na wewe mwalimu jiwekee sharti lile lile: usikitie mkono kipanya cha mtoto, hata kama kipindi kinakwisha na wewe unaliona kosa liko wapi. Mkono wa mwalimu unapoingia, wa mtoto hutoka, na mara nyingi haurudi siku hiyo.

Kabla hawajaingia, tengeneza mashine zifae watoto. Kwenye mipangilio punguza kasi ya kishale, kiongeze ukubwa, na ulegeze kasi ya kubofya mara mbili, kwani kidole cha mtoto wa miaka minane hukisogeza kipanya baina ya bofyo la kwanza na la pili, na mashine huona kwamba hajabofya kitu. Kama mtaingiza na madarasa ya chini, angalia pia kibodi. Vitufe vyote vimechapwa herufi kubwa, na mtoto wa darasa la pili anasoma herufi ndogo. Ukimwambia atafute g, anatafuta umbo ambalo halipo. Mimi nilikata vipande vya karatasi ya gundi nikaandika herufi ndogo, nikavibandika juu ya vitufe. Kazi ya jioni moja ilimaliza tatizo ambalo nilikuwa nalihesabu kuwa ni uzito wa watoto.

Kuandika ndiko kulikonipa faida ambayo sikuitarajia. Waandike Kiswahili, na waandike yao: barua kwa bibi, habari ya ngalawa ya baba, jinsi ya kupika mchuzi wa pweza. Lakini kwanza kizime kikagua tahajia cha Kiingereza, au uweke kamusi ya Kiswahili, ambayo LibreOffice, programu ya kuandikia, inayo na haina malipo. Mimi sikufanya hivyo, na watoto waliandika sentensi zilizo sawasawa kabisa, kisha wakaona mstari mwekundu chini ya kila neno. Mmoja alifuta «Bibi yangu anakaa Kojani» mara tatu, kila mara akitafuta kosa lake, na kosa hakuna. Fikiria mtoto anafundishwa na mashine kwamba lugha ya mama yake yote ni makosa. Nilipouondoa ule wekundu, mikono ilifunguka. Halafu kikaja kitufe cha nafasi, ambacho kimewafundisha zaidi ya daftari, kwa sababu kwenye kibodi huwezi kuikadiria nafasi kwa jicho. Ama umebonyeza ama hukubonyeza. Wale waliokuwa wakiandika «ali po kwenda» au «kwasababu» walianza kuulizana wenyewe neno linakatika wapi, na mwalimu wa Kiswahili wa darasa la jirani akaja kuniuliza nimewafanya nini. Na ukitaka kuwaona wanatafuta kwa bidii, wape sentensi ya ng'ombe na ving'ora, wakitafute kile kialama cha juu.

Sasa wale 24 wanaosubiri. Usiwaache wakae bure, wala usiwape kazi ya kunakili. Watandikie jamvi ukumbini na uwape somo la kompyuta lisilohitaji kompyuta. Mimi hutumia bao. Bao la kete lina safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32. Nilichagua shimo moja moyoni, nikaliandika kwenye karatasi na kuikunja, nikawaambia wanitafutie kwa maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au siyo. Walianza kama kila mtu anavyoanza: «Ni hili? Ni hili?» Walipofika shimo la kumi na moja walichoka. Ndipo mtoto mmoja, aliyekuwa hajasema kitu, akauliza: «Liko upande wako?» Nikasema siyo. Ikawa kimya, maana wote waliona kwamba nusu ya bao imeondoka kwa swali moja. Akaendelea: «Safu ya mbele?» Yakabaki mashimo 8. «Mkono wa kulia?» Yakabaki 4, kisha 2, kisha moja. Maswali matano. Niliwauliza, je, mabao yangekuwa mawili yaliyounganishwa, mashimo 64, tungehitaji maswali mangapi? Wengi walisema kumi. Yule mtoto alitikisa kichwa, akasema sita, kwa sababu la kwanza lingekuwa «liko kwenye bao hili?» na baada ya hapo tumerudi tulikokuwa. Hivyo ndivyo kompyuta inavyotafuta jina katika orodha iliyopangwa, na watoto wale walilijua jambo hilo kwa kulitenda kabla hawajaambiwa.

Wakishazoea, waingize kwenye kuiamrisha kompyuta. Programu ninayoitumia ni Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na MIT Media Lab ya Marekani. Ni ya bure, inafanya kazi bila ya intaneti ukishaiweka, na toleo la 3 lina Kiswahili. Hilo la Kiswahili usilidharau. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza Kiingereza katika hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano, na nimeona mtoto mwenye akili nzuri akinyamaza kwa sababu tu hajui swali limesema nini. Katika kompyuta si lazima abebe mizigo miwili siku ya kwanza. Amri za Scratch ni vipande vinavyopachikwa kimoja chini ya chengine, kwa hiyo hakuna tahajia ya kukosea.

Wape kazi ya mraba: nenda hatua 100, geuka nyuzi 90, rudia mara 4. Wataipata. Kisha waambie wachore pembetatu yenye pande sawa, na hapo ndipo somo linapoanza. Watoto wangu walijua kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60, wakaandika geuka 60, rudia mara 3, na likatoka umbo lililoachama mdomo, halikufunga. Nilitamani sana kuwaambia, nikajizuia. Nilimchukua mmoja mchangani, nikamwambia wewe ni kobe kama wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu, tembea upande mmoja wa pembetatu, fika pembeni, sasa geuka. Alipogeuka wenzake waliona kwamba hakugeuka kidogo. Alizunguka karibu ya kurudi alikotoka. Pembe ya ndani ni 60, lakini mwendaji anageuka ile ya nje, 180 kutoa 60, ambayo ni 120. Walikimbia chumbani kwenda kujaribu. Wakati huo huo mtoto mwengine, aliyebaki na 60 yake kwa ukaidi, alibadilisha kurudia kutoka 3 kuwa 6, na umbo lake likafunga: pembesita nzuri kabisa, ambayo hakuna aliyemfundisha. Huyo kobe si wangu. Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, na wenzake walitengeneza Logo, lugha ya kuiamrisha kompyuta, mwaka 1967 kwa ajili ya watoto, na kobe wake alichora maumbo kwa amri za namna hii hii.

Sharti na marudio mtoto wa Pemba anayajua tayari kutoka kwenye karafuu. Anika, ikiwa mvua inakuja, anua, rudia mpaka zikauke. Nilipouliza tutajuaje kwamba zimekauka, mmoja aliigiza kuivunja moja baina ya vidole akatoa na mlio wake. Hilo ndilo sharti, nikawaambia, na kompyuta nayo lazima uiambie itazame nini. Kwenu labda mtatumia mwani badala ya karafuu.

Kuhusu mashine zenyewe nitasema machache. Umeme huku unafika kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tokea mwaka 2010, na hali ni bora mno kuliko wakati wa majenereta, lakini hukatika na hupanda na kushuka, kwa hiyo nunueni stabilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha umeme, kabla ya kununua kitu chengine, na wazoeze watoto kuhifadhi kila nahodha anapobadilishwa. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa waya zote. Zifunikeni kwa vipande vya kanga kuukuu zinapopoa, na kila mwezi fungua upulize vumbi. Mimi nimewahi kumkuta mjusi amekufa ndani ya mashine tuliyodhani imeharibika.

Intaneti usiisubiri. Haya yote niliyokueleza tumeyafanya bila ya intaneti, na itakapofika utakuwa na watoto wanaojua kuamrisha mashine, wala hawaishii kukitazama kioo. Wazazi nao watauliza watoto watatazama nini humo. Waite siku moja, na mtoto awe ndiye anayemshika mkono baba yake juu ya kipanya.

Kwa wiki ya mwanzo lako ni moja tu: vilaze vipanya vyote waya ukielekea mbele, waite 24 wa kwanza, na wafungue ukurasa wa kuchora, wachore chochote wanachotaka. Ukikwama katika kuiweka Scratch, niandikie hapa kompyuta zenu zina Windows ipi, kwa sababu toleo la 3 linataka Windows 10 au ya baada yake, na zikiwa za zamani zaidi itabidi nikuelekeze namna ya kuliweka toleo la 1.4.