Kabla ya kusoma tabaka, uliza kilichokosekana

Wadogo zangu mnaoanza jiolojia mnaniuliza mtaona wapi mashapo, yaani mchanga na tope vilivyotuama tabaka kwa tabaka, ili msome tabianchi ya kale, maana Mwanza kila ukigeuka ni majabali. Ni kweli, majabali yetu ni itale, uji wa moto uliogandia chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na tabianchi ya kale hutaisoma humo. Lakini shukeni ufukweni, mtafute mahali mchanga ulipolalia jabali, mguse mpaka wake kwa kidole. Chini ni mwamba wa mabilioni ya miaka, juu ni mchanga wa juzi. Yote yaliyopita katikati ama hayakuacha tabaka pale, ama yaliliacha likasombwa. Mimi ningeanzia somo hapo.

Ziwa Victoria lenyewe limefundisha hivyo. Watafiti walizamisha mabomba sakafuni, wakatoa nguzo ndefu za matope. Juu palikuwa na matope laini yenye maganda ya diatomu, mwani mdogo sana wa majini. Chini yake, ghafla, udongo mgumu wenye alama za mizizi. Leo kina kikubwa cha ziwa ni kama mita 80, na majani hayaoti huko. Maana yake ziwa lilikauka. Vipimo vya kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua polepole katika mabaki ya viumbe na hivyo kuonyesha umri wake, vinaonyesha maji yalirudi takribani miaka 15,000 iliyopita, enzi ya barafu ilipokuwa ikielekea ukingoni na mvua zikaongezeka. Hapa tunapovua sangara palikuwa nchi kavu! Sijachoka kulishangaa jambo hili.

Kwa mazoezi, ombeni ruhusa kwa mafundi wanaochimba kisima au shimo la choo, kabla hawajajenga ukuta. Kwangua upande mmoja kwa panga upate uso safi. Andika rangi, ukubwa wa chembe na unene, kisha ukae sana kwenye mipaka: umekatika ghafla, au rangi inabadilika taratibu? Uliokatika huenda unaficha mmomonyoko, au muda mrefu ambao hakuna kilichotuama. Na msipime muda kwa unene. Mchanga wa nusu mita unaweza kuletwa na mafuriko ya mchana mmoja, huku sentimita moja ya tope chini yake ikawa ni kazi ya miaka mingi.

Kaboni-14 hupima umri hadi kama miaka 50,000 tu, tena inahitaji mabaki ya viumbe. Kwa mashapo ya zamani zaidi, mkipata nauli, vukeni Kenya hadi kisiwa cha Rusinga: kule kuna mashapo ya takribani miaka milioni 18 yenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na umri wake umepatikana kwa kupima madini ya volkano.