Maswali ya jikoni: Maziwa ya mchele yanayovuta kama bamia

Assalaam alaikum. Mume wangu amekatazwa maziwa ya ng'ombe, soya na jamii yote ya karanga, korosho na lozi. Nasaga wali wa moto na maji kwenye blenda kwa dakika tatu, lakini maziwa yanavuta kama bamia. Nikiyachemsha na majani ya chai, yanakuwa uji. Nakosea wapi? Mama Watoto, Kisauni

Waalaikum salaam. Shida ni wanga. Wali ukiwa moto, chembe za wanga zimekunywa maji zikavimba na kulegea. Blenda ikizipiga muda mrefu zinapasuka na kutoa ule utelezi, na dakika tatu zinatosha hata kuyapasha moto maziwa yenyewe.

Tumia mchele wa punje ndefu, pishori au basmati. Mchele wa punje fupi unaoshikana, na hata chenga, hautakufaa hapa. Upike kwa maji matupu, bila nazi, mafuta wala chumvi, na usiuache urojeke. Ukiiva, utandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha uusuuze kwa maji baridi yaliyochemshwa kabla, ili utoe wanga ulioganda juu ya punje.

Pima kikombe kimoja cha wali huo na vikombe vinne vya maji ya kunywa yaliyotoka friji. Tia chumvi kidogo mno na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia yasiyo na harufu. Bila mafuta, maziwa huwa mepesi mdomoni kama maji yaliyosuuza sufuria. Akipenda utamu, tende mbili zilizorowekwa na kutolewa kokwa. Saga kwa sekunde 30, zisizidi 40.

Kuchuja ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu mkono umezoea tui. Usikamue. Kunja kitambaa cha melimeli mara mbili, tandika juu ya bakuli, mimina, acha yadondoke yenyewe. Machicha ya nazi yanataka kukamuliwa. Haya ya mchele ukiyakamua, ule ute wote unapenya na kurudi kwenye maziwa. Kifumbu nacho kina matundu makubwa mno kwa kazi hii. Machicha yanayobaki changanya kwenye unga wa vitumbua siku hiyo hiyo.

Kuhusu chai: chemsha chai ya rangi na tangawizi na hiliki mpaka ikolee, zima moto, ndipo utie maziwa. Yasichemke tena. Usitarajie malai, na mtindi hautapata.

Wengine watakwambia uroweke mchele mbichi usiku kucha kama wa vitumbua, usage, uchuje. Yanatoka meupe ya kupendeza, lakini wanga ule ni mbichi: hukaa chini kama chokaa, na ukigusa moto unakuwa uji kweli kweli. Hayo yanafaa kuzitilia uzito supu, si chai.

La mwisho ni joto letu hili la Mombasa. Wali uliolala mezani usiutumie hata kama haunuki. Mchele hubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake haziuliwi na kuchemka, na sumu anayoacha kwenye wali uliokaa haiondoki kwa kupasha moto. Wali uingie friji ndani ya saa moja. Maziwa yawekwe kwenye chupa safi, siku tatu basi. Yakijitenga, tikisa tu. Yakinuka uchachu, mwaga. Umeme ukikatika saa kadhaa, pia mwaga.

Naweza kumpa mtoto wa mwaka mmoja na nusu badala ya maziwa? Mzazi, Likoni

Hapana. Yana protini kidogo mno na karibu hayana kalsiamu. Mengi ya dukani huongezewa kalsiamu, ya nyumbani hayana. Isitoshe, mchele hufyonza aseniki, madini yenye sumu, kutoka ardhini na majini, na Uingereza inashauri watoto chini ya miaka 5 wasipewe vinywaji vya mchele badala ya maziwa. Mpeleke kliniki wakuchagulie maziwa maalumu. Kijiko kimoja ndani ya chapati za maji si neno.

Baba yangu ana figo na sukari. Yanamfaa? Msomaji, Changamwe

Kwa figo, ndiyo: potasiamu, fosforasi na protini ni kidogo, kuliko maziwa ya ng'ombe. Ya pakiti soma maandishi kwanza, kwa kuwa mengine yametiwa fosfeti, yaani chumvi zenye fosforasi. Kwa sukari, jihadharini. Wanga uliosagwa hupandisha sukari ya damu haraka, kwa hiyo tende muache kabisa, na anywe nusu kikombe pamoja na chakula, si tumbo tupu. Mwelezeni daktari wake kabla hajaanza, na kama amepimiwa maji ya siku, kiasi hicho nacho kihesabiwe humo.