Dakika chache ni za kupima, si za kuotesha

Ndugu, umeuliza kama mashine ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) inaweza kuonyesha bakteria wa Salmonella kwenye nyama ya kuku kwa dakika chache bila kuwaotesha. Kwa kawaida hapana. Kupima kwenyewe ni dakika chache kweli, lakini bakteria lazima kwanza waoteshwe, mara nyingi usiku mzima, hadi upate koloni safi, yaani kundi la bakteria wa aina moja tu.

Ukishaipata, unachota kidogo kwa kitanzi cha maabara, unakoroga kwenye maji, unadondosha tone kwenye kibao maalumu na kuliacha likauke kabisa. Usiharakishe hapo! Maji hufyonza infraredi kwa nguvu karibu na 1640 kwa sentimita (idadi ya mawimbi ya mwanga katika sentimita moja), palepale protini za bakteria zinapojionyesha, kwa hiyo tone likiwa bado na maji litakufunikia kila kitu. Likikauka unabaki utando mwembamba, na huo ndio unaopigwa mwanga. Mimi hutazama kwanza kati ya 1200 na 900: hapo sukari za juu ya seli huacha alama, na ndizo zinazosaidia kutenganisha hata aina ndogo ndani ya Salmonella.

Njia hii si ngeni, Dieter Naumann na wenzake wa Berlin waliiandika kwenye jarida la Nature mwaka 1991. Ila mashine hulinganisha tu alama inayoipata na zile ilizohifadhi. Ukibadilisha chakula cha kuoteshea au saa za kuotesha, alama nayo hubadilika, na unaweza kupewa jina la bakteria mwingine. Fuata joto na saa zilezile zilizotumika kujenga hifadhi hiyo.