Usichongeshe hiyo bushi: kwa mwenye grainda ya inchi nne na nusu

Mkuu, acha kwanza. Umesema una grainda ndogo, umepata bledi ya mbao ya inchi 7, tundu lake limezidi, unataka turna, fundi wa kuchonga vyuma, akuchongee bushi, yaani pete ya kuziba nafasi, kisha uifunge grainda chini ya meza ya plaiwudi iwe msumeno wa kupasulia. Unauliza bushi iwe ya chuma au ya aluminiamu, mwongozo wa kunyooshea mbao uukazeje, na bomba la vumbi likae wapi.

Chuma au aluminiamu, yote sawa, usichongeshe. Mimi nilichongesha ya chuma pale Gerezani, Dar es Salaam, milimita 25.4 nje, 22.2 ndani, kazi safi kabisa. Bledi ilikaa katikati bila kuyumba. Hapo ndipo nilipoponzeka, maana kitu kikikaa vizuri unaamini kinafaa.

Geuza grainda usome lebo. Nyingi za saizi hiyo ni 11,000, yaani mizunguko kwa dakika. Sasa soma bapa la bledi. Yangu ilikuwa na mwisho wa 7,000. Msumeno wa duara wa mkononi, ambao bledi hizo zimetengenezewa, huzunguka 5,000 na kitu. Piga hesabu: bledi ya milimita 180 kwa 11,000, meno yanakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde! Diski ya kawaida ya kukatia chuma mwisho wake ni 80. Na yale meno yamechomelewa tu kwenye bapa. Likichomoka moja, halichagui pa kwenda.

Halafu bledi ya inchi 7 haiingii ndani ya kava la grainda hiyo. Utaling'oa tu, kama nilivyoling'oa. Nilikuwa napasua mninga, mpasuo ukajifunga nyuma ya bledi, ubao ukarushwa kunijia na mkono ukavutwa kwenye meno. Kano la gumba likakatika. Swichi ya grainda ukishaisukuma inajishikilia yenyewe, kwa hiyo bledi iliendelea kuvuma pale juu ya meza mpaka kijana wangu alipochomoa plagi. Nikafanyiwa upasuaji wa mkono, oda ya vitanda ikaenda kwa fundi mwingine, na gumba mpaka leo halikunji vizuri.

Aliyeniuzia ile bledi aliniambia, "Inafunga mashine yoyote, chongesha bushi tu." Namba iko usoni pa bledi, ameishika mkononi, anasema mashine yoyote! Na hao wa video za mtandaoni, wanaofunga grainda mezani hivyo hivyo, wanapasua kipande kimoja cha paini laini, wanatabasamu, video imeisha. Watakaokuja hapa kusema naogopa mashine, waje tusalimiane kwa mkono, watapata jibu.

Namba ya mizunguko ya bledi lazima ilingane na ya mashine au iizidi. Kabla ya turna, kabla ya plaiwudi, kabla ya bomba la vumbi. Ukitaka meza, tafuta msumeno wa duara, hata wa mtumba, ufunge huo chini. Nyuma ya bledi weka kisu cha kutenganisha mpasuo, usije ukajifunga kama wangu, na swichi iwe nje, unaifikia kwa goti mikono ikiwa imeshika ubao.

Piga picha lebo ya grainda na maandishi ya bledi, uziweke hapa leo, kabla hujamlipa turna.